Kabla chama chenu kiende Cape Town kuonja waini ya mapovu: uongo tunaoambiana na ukweli wake

Tangu 2023 Mkenya hahitaji viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, na ndio maana siku hizi hata vyama vya akina mama hapa Nakuru vinaongea mambo ya Cape Town venye zamani tulikuwa tunaongea Mombasa. Poa sana. Shida ni kwamba kwa ile programu ya safari huwa kuna siku ya kutembelea shamba la waini ya mapovu, ile inatengenezwa kwa njia ya kitambo, chupa kwa chupa, na vitu watu wanaambiana kwa magrupu ya WhatsApp kuhusu hiyo siku aki ni vituko. Wacha nivipitie, vingine nitavipita mbio juu havistahili muda.

"Yote ni shampeni tu." Hapana. Shampeni ni ile inatoka mkoa wa Champagne kule Ufaransa, basi. Afrika Kusini wakitumia njia ile ile wanaiita Cap Classique, na ya kwanza kabisa ilitengenezwa 1971 na Frans Malan kwa shamba la Simonsig, Stellenbosch. Uhispania wana Cava. Prosecco ya Italia nyingi mapovu yake hutengenezewa kwa tangi kubwa la chuma, sio kwa chupa, so usiende kuuliza Prosecco kwa shamba la Cap Classique, watakuhudumia na tabasamu lakini wataongea ukitoka. Na ile chupa huwa tunafungua kwa graduation na ruracio, yenye pasta anakunywa bila wasiwasi, hiyo ni juisi, haina pombe hata tone.

"Mapovu ni gesi wamepiga ndani na mashine." Kwa waini zingine za bei ya chini ni kweli, na kwa hizo juisi pia. Lakini hapa ndipo nauli yako inaenda, so soma pole pole. Wanaanza na waini ya kawaida isiyo na mapovu, yenye uchachu kiasi, halafu wanaiweka kwa chupa pamoja na hamira na sukari, kama gramu 24 kwa lita, wanafunga na kifuniko cha chuma kama cha soda, ndio, kile kile, koki, yaani kizibo, huja mwisho kabisa. Hamira inakula sukari, inatoa pombe kidogo na gesi, na kwa sababu gesi haina pa kutokea inabaki imeyeyuka ndani ya waini hadi presha inafika mara 5 au 6 ya hewa ya kawaida. Mtu wa Kakamega ama Bungoma ambaye ameona busaa ikichemka yenyewe kwa nyungu bila moto ashaelewa nusu ya hiyo kazi, tofauti ni kwamba nyungu iko wazi, gesi inaenda zake.

Sasa hamira ikimaliza sukari inakufa, inashuka chini inakuwa machicha, na badala ya kuyatoa haraka wanayaacha humo humo. Cap Classique ni angalau miezi 12, shampeni ya kawaida ni angalau 15 kwa chupa kabla iuzwe, na ile inaandikwa mwaka wa mavuno ni miaka 3. Ile harufu ya mkate umetoka kwa oveni hutoka kwa hayo machicha, sio kwa zabibu. Baadaye chupa zinainamishwa shingo chini na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka uchafu wote ukae kwa kifuniko, kazi ambayo kwa mkono inachukua wiki kadhaa na kwa lile kreti kubwa la mashine kama wiki moja. Wanagandisha shingo, wanafungua, presha yenyewe inarusha kale kabarafu kenye machicha nje, wanajazia waini na sukari kiasi, ndio sasa koki na waya. Kama mtu wa kuwatembeza anataka kuwapeleka kwa meza ya kuonja kabla hamjaona hata chupa moja imeinama, mwambieni arudi nyuma. Hiyo ndio ziara, meza ni nyongeza.

Na mbebe sweta! Kule chini kwa pango chupa zinakaa huwa ni kama digrii 12, nguo ya mikono mifupi ya picha utaijutia.

"Tutakanyaga zabibu na miguu." Si lazima hata mzione. Huko kusini zabibu za waini ya mapovu huvunwa mapema kuliko zingine, Januari hivi na Februari, zikiwa bado na uchachu, so mkienda Agosti shamba ni miti mikavu haina majani, na hakuna mtu amewaibia. Pia usishangae ukionyeshwa Pinot Noir, zabibu nyeusi tii, halafu umiminiwe waini nyeupe. Rangi iko kwa ganda, wakizikamua pole na haraka maji yanatoka meupe.

"Kuonja ni kunywa hadi chupa iishe." Hii inaleta shida ya heshima zaidi ya shida ya pombe, juu sisi tumelelewa kwamba kumwaga kinywaji mbele ya mwenyeji ni dharau, hata chai ya maziwa ukipewa na hutaki unajikaza. Kule ni kinyume, kuna ndoo ama chombo kwa meza, unaonja, unatema ama unamwaga iliyobaki, na mwenyeji anaona huyu anajua kile anafanya. Shosho asiyetaka pombe kabisa pia asiachwe hotelini, kuona pango na chupa hakuhitaji kunywa, aulize tu mapema kama kuna juisi. Kwa dereva usilete mchezo, tafuteni gari la kukodi na mtu wake, ama mkiwa mji wa Franschhoek kuna tramu inapita mashamba ya waini, mnashuka na kupanda.

Haya, "brut ni ile kali ya wanaume." Wueh. Brut ni neno la kwa lebo, linamaanisha sukari ni chini ya gramu 12 kwa lita, haina uhusiano na ukali wa pombe. Ile inachanganya watu zaidi ni extra dry, ambayo ni tamu kidogo KULIKO brut, gramu 12 hadi 17, usiniulize nani alikubali jina hilo. Ukipenda tamu, na wengi wetu tunapenda, sema demi-sec, ina gramu 32 hadi 50. Hakuna aibu. Wanaokucheka wanaweka vijiko vitatu kwa chai.

"Bila pa! haijafunguliwa." Ikipigwa pa umemwaga mapovu yale yamengojewa mwaka mzima, na ile koki inaweza kutoa mtu jicho, si utani. Shika koki na kitambaa, chupa iwe imepoa vizuri, elekeza ukutani, legeza waya, halafu zungusha CHUPA sio koki, itoke na pumzi ndogo tu.

"Dom Pérignon, yule mtawa Mfaransa, ndiye aligundua waini ya mapovu." Si yeye. Mwingereza Christopher Merret aliandika 1662 kuhusu kuongeza sukari kwa waini ipate mapovu, na huyo mtawa alianza kazi Hautvillers, kule Champagne, 1668.

"Ikikaa sana ndio inakuwa tamu." Kila nyumba ina hiyo chupa kwa wall unit, imesimama kando ya glasi za harusi, inapigwa jua la saa nane, ati inangoja mtoto amalize Egerton. Jamani. Nyingi zinauzwa zikiwa tayari, na machicha yakishatolewa waini inaanza kuzeeka, joto na mwanga vinaiharibu mbio zaidi. Angalia lebo ya nyuma, zingine huandika tarehe machicha yalitolewa. Kunyweni.

"Kenya hatuna zabibu za waini." Tunazo hapa hapa kaunti yetu, Morendat, Naivasha, ndiko waini ya Leleshwa inatoka. Kama hamjawahi kuonja waini kwa mpangilio anzeni na hiyo, mzoee kunusa kwanza na kusema kile mnasikia bila kuogopana, halafu ndio mfikirie ndege.

Na la mwisho, "chupa italipuka kwa ndege." Ile sehemu ya mizigo ina hewa kama ya abiria, chupa imezoea presha kubwa kuliko hiyo, ifunge tu vizuri katikati ya nguo na usijaribu kupita nayo mkononi. Kurudi nyumbani mtu mzima anaruhusiwa lita 2 za waini bila ushuru, na chupa ni mililita 750, so mbili ziko sawa. Ya tatu ilipie ama uimalize huko huko kabla ya kwenda eapoti.