Kwa nini wali wa Eastleigh huletwa na ndizi?

Agiza wali na nyama ya mbuzi katika hoteli ya Kisomali mtaani Eastleigh, Nairobi, nawe utaletewa sahani iliyojaa, kibakuli cha pilipili ya kijani, kipande cha ndimu, na ndizi mbivu yenye ganda lake. Mgeni huisogeza kando akidhani ni tunda la kumalizia. Jirani yake mezani anaimenya, anaimega, na kila tonge la wali analisindikiza kwa kipande cha ndizi. Siku ya kwanza nilipokula huko nilimwuliza mhudumu ndizi ile ni ya nini. "Ni ya chakula, boss," akanijibu. "Sasa utakulaje wali bila ndizi?"

Tuanze na ulimi. Wali huu, ambao Wasomali huuita bariis, hupikwa kwa supu ya nyama, ukatiwa iliki, mdalasini na bizari, na mafuta hayahesabiwi. Ile pilipili, basbaas, ni kali kwelikweli, na maji hayaizimi kwa sababu kitu kinachowasha ndani yake hakiyeyuki kwenye maji. Utamu huipoza. Ndizi pia hulainisha tonge na kutuliza chumvi ya nyama. Lakini hilo linatueleza kwa nini ndizi inafaa, halituelezi kwa nini ikawa ndizi na si papai.

Uliza mtaani, wengi watakwambia ni Waitaliano. Jibu hilo lina mashiko. Italia ilitawala kusini mwa Somalia, na meza ya Kisomali bado inazungumza Kiitaliano: tambi ni baasto, kutokana na pasta, kwa kuwa Kisomali hakina sauti ya "p", uma ni fargeeto, kutokana na forchetta, na maji ya ndimu yenye sukari ni isbarmuunto, kutokana na spremuta. Hata baasto yenyewe huletwa na ndizi yake. Hapo ndipo jibu linapoyumba, maana Mwitaliano hali tambi kwa ndizi. Tambi alileta yeye. Ndizi ya pembeni aliikuta.

Tunalijua hilo kwa sababu kuna mgeni mwingine aliyekaribishwa chakula Mogadishu karibu miaka 600 kabla ya Waitaliano, naye akaandika alichokula. Ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyefika mwaka 1331. Anasimulia wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Katika chombo kingine kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Katika kingine, maziwa ya mgando pamoja na ndimu za achari, pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Watu, anasema, walipokula tonge la wali walifuatisha na vile vya pembeni. (Pilipili hiyo haikuwa hii yetu ya leo, ambayo ilivuka bahari kutoka Amerika baadaye sana.)

Soma maelezo hayo ukiwa umeketi Eastleigh na utaiona sahani yako. Wali wenye mafuta, ndimu, kikali, na ndizi, vyote vikiliwa kwa zamu. Ibn Battuta alipoendelea kusini hadi Mombasa alikuta watu wanaoishi zaidi kwa ndizi na samaki. Pwani ilikuwa moja. Barawa, kusini ya Mogadishu, wapo hadi leo wasemao Chimiini, lugha ndugu ya Kiswahili chetu, na mpaka sasa pilau ya Mombasa au Unguja huliwa na kachumbari na ndizi mbivu bila mtu kushangaa. Kwa hiyo mimi nasema desturi hii ni ya pwani kwanza, na Waitaliano ni sura ya baadaye.

Sura hiyo hata hivyo ni nzito, na isipitwe haraka. Walichofanya Waitaliano ni kuifanya ndizi kuwa nyingi kupita kiasi. Kwenye bonde la mto Shebelle, hasa Genale, na baadaye mto Juba, walifungua mashamba makubwa ya kuilisha Italia. Mwaka 1935 serikali ya Roma iliihodhi biashara hiyo yote. Walioyalima mashamba hayo, wengi wao kwa kulazimishwa, walikuwa wakulima wa Kibantu wa kando ya mito. Miongoni mwa watu wa Juba wapo wajukuu wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka Tanganyika karne ya 19, na wengine bado wanazungumza Kizigua. Upande wa magharibi wa Juba, pamoja na Kisimayu, ulikuwa chini ya Kenya hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoukabidhi kwa Italia. Ndizi ilibaki miongoni mwa bidhaa kuu za Somalia hata baada ya uhuru wa mwaka 1960, nayo ikawa tele hata kwa mtu wa kipato kidogo.

Kisha ukaja mwaka 1991. Serikali ya Mogadishu ikaanguka, watu wakakimbia, na maelfu wakafikia Eastleigh. Mtaa wenyewe, ambao wakazi wake huuita Isili, ulianzishwa mwaka 1921, ukakaliwa kwa miaka mingi na Wahindi na Waafrika wachache wenye kazi za ukarani na ufundi. Wasomali walikuwapo tangu zamani, lakini sasa waliujaza. Kwenye nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge, wakimbizi waliuzia bidhaa vyumbani mwao, hadi vyumba vikageuka maduka na nyumba nzima ikawa soko. Wafanyabiashara hao walihitaji kula, na walitaka sahani ya kwao. Mbuzi walipatikana, mchele ulipatikana. Na ndizi? Kenya ina Meru, Kirinyaga, Murang'a na Kisii. Sahani ikakamilika bila kuhitaji mto Juba.

Ukitaka kuuelewa mlo huo wa adhuhuri, shinda mtaani kutwa. Asubuhi kuna anjera, chapati nyembamba yenye vitundu, huliwa na maini au kwa mafuta ya simsim na sukari. Kuna pia maziwa ya ngamia, ambayo kina mama huyauza kwenye madumu baada ya kusafiri kwa basi kutoka Isiolo, zaidi ya kilomita 250. Yana ladha ya moshi, kwa kuwa chombo hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kujazwa. Usiyanywe kwa pupa siku ya kwanza. Tumbo lisiloyazoea hulalamika. Alasiri ni sambusa za nyama na maji ya embe.

Halafu jioni, baada ya swala ya magharibi, viti hutolewa nje na chai ikaanza. Shaah ya maziwa huitwa caddeys, ya strungi huitwa bigeys, na zote zina iliki na sukari nyingi. Wazee hukaa hapo hadi usiku mwingi. Wakati huo mikokoteni ya ndizi bado inapita Barabara ya Kwanza, na wenye hoteli hutoka mlangoni kununua mikungu ya kesho. Nilimwona mmoja akizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akikataa zilizoiva kupita kiasi na zile ngumu. Anataka itakayokuwa tayari saa saba mchana.