Pipi mfukoni, dawa ya Kuchisake-onna

Watu wakiniuliza kuhusu mizimu ya Japani wanategemea nianze na yule wa nguo nyeupe na nywele zimefunika uso, mimi huwa naanza na pipi. Inaitwa bekko-ame, ngumu, rangi ya asali, ni sukari na maji tu vimechemshwa vikagandishwa. Mwaka 1979 mtoto wa Kijapani akiwa nayo mfukoni alijiona ana silaha ya kumkabili mzimu mmoja, Kuchisake-onna.

Hadithi yenyewe iko hivi. Jioni unatoka tuisheni peke yako, unakutana na mwanamke kavaa barakoa, na kule barakoa ni kitu cha kawaida, mtu akishikwa na mafua tu anavaa, kwa hiyo hushtuki. Anakuuliza, "Mimi mzuri?" Ukisema ndiyo anaivua, mdomo umechanika mpaka masikioni, anauliza tena, "Hata hivi?" Ukikataa umekwisha, ukikubali anakuchana na wewe mfanane. Ndiye Kuchisake-onna, yaani mwanamke aliyechanika mdomo.

Uvumi ulianzia mkoa wa Gifu mwishoni mwa 1978, na kufika katikati ya mwaka uliofuata Japani nzima inamjua, na intaneti hakuna jamani! Watoto wa shule tofauti walikuwa wanakutana tuisheni, kila mmoja anarudi kwao na hadithi. Shule zikaanza kuwarudisha watoto nyumbani kwa makundi, polisi wakapiga doria, na mwezi Juni kule mji wa Himeji akakamatwa mwanamke wa miaka 25 kajifanya ndiye yeye, na kisu anacho.

Sasa mimi kinachonivuta zaidi ni dawa zake. Unamrushia bekko-ame, akihangaika nayo wewe unatimua mbio. Au unamjibu "kawaida tu", yeye anasubiri ndiyo au hapana, anabaki ameduwaa. Au unataja pomadi mara tatu, yale mafuta ya nywele ya wanaume, eti daktari aliyemharibu kwenye upasuaji alijipaka mengi mno na harufu ile hataki hata kuisikia. Ukiangalia vizuri hapo hamna mganga wala mtawa wa hekaluni, kuna pipi, kuna ujanja wa kumjibu mtu mzima bila kumjibu, kuna harufu ya kichwa cha baba. Ni vitu vya mtoto wa darasa la nne kabisa, ndio maana nashikilia kwamba hii hadithi waliijenga watoto wenyewe, wakubwa waliidandia tu njiani.

Ikafika Agosti, shule zimefungwa, watoto hawakutani tena, Kuchisake-onna naye akanyamaza.