Kozi za mtandaoni kwa manesi na wakunga: cheti unapata, mkono je?

Suali ninaloulizwa sana na manesi na wakunga wa vituo vya huku Pemba, hasa hawa vijana walioajiriwa juzijuzi, ni kozi gani ya mtandaoni nzuri, tena ya bure, tena yenye cheti. Mimi ni mkunga, siku hizi kazi yangu zaidi ni kufundisha wenzangu makazini, basi nikaona niandike pahala pamoja mana voisi za kujibu mmojammoja zimenichosha.

Za bure zipo na nyengine nzuri kwelikweli. OpenWHO ya Shirika la Afya Duniani ilianza 2017, wakati wa korona ndo ikajulikana kila pembe, kozi zikawepo mpaka za Kiswahili. Kwa sisi wa leba kuna Safe Delivery, programu ya simu, hii naipenda zaidi kwa sababu ukishaipakua haikuulizi bando tena, video zake katuni fupifupi, unatizama hata ukiwa Kojani mtandao umekata.

Kozi ya simu inafaa sana kwa jambo lililobadilika kitabuni. Chukulia mama anaetokwa na damu baada ya kujifungua. Sisi skuli tulifundishwa kukadiria kwa macho, unatizama kanga, unatizama shuka, unasema "mililita mia tatu hivi", na macho siku zote yanapunguza. Mwaka 2023 yakatoka majibu ya utafiti wa E-MOTIVE, umefanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapahapa Tanzania, wanawake zaidi ya laki mbili. Damu inakingwa na plastiki yenye vipimo chini ya mama, ikifika kiwango hakuna kungojea dawa moja ifanye kazi ndo ujaribu nyengine, unakwenda na vyote kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, oksitosini ya kulikaza tumbo hilo, traneksamiki asidi ya kuzuia damu, dripu, na kumkagua kama kachanika au kuna kipande cha kondo kimebaki. Walioifuata hivo waligundua asilimia 93 ya mama waliotokwa na damu nyingi, kwengine ilikuwa 51 tu, na hatari ya damu kupita lita moja, au kupasuliwa, au kufa kwa ajili yake, ikashuka kwa asilimia 60. Sasa haya yote mtu anayajua vizuri tu kwa simu, zamu ya usiku, saa nane wodi imetulia, hakuna haja ya kufungiwa hotelini siku tano na posho.

Lakini njoo kwa mtoto aliezaliwa hajalia. Ile dakika ya mwanzo tunaiita dakika ya dhahabu, ndani yake uwe umeshamfuta, umemsisimua, na kama bado hapumui uwe umeanza kumpa pumzi kwa begi na barakoa. Kwenye mtihani wa simu kila mtu anabonyeza jibu la sawa, "hakikisha kifua kinapanda". Mpe mdoli wa mazoezi sasa. Barakoa inakaa, begi linaminywa, kifua kimelala vilevile. Ukisogeza sikio unasikia upepo unatoka ubavuni mwa shavu, kidole cha kati hakijashika taya, au shingo kaikunja mbele kwa kumuegemea mtoto, na mwenyewe anaminya kwa nguvu zaidi akidhani tatizo ni nguvu. Video haiwezi kukwambia hilo, haikuoni.

Na si maneno yangu. Hospitali ya Haydom kule Manyara walifanya kozi ya siku moja ya mambo haya haya, watu wakawa hodari kwenye mdoli, walipofatiliwa leba wenyewe wakaonekana wanafanya kama zamani. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale wodini ndo vifo vya watoto vya saa 24 za mwanzo vikapungua. Kwetu Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, mradi wa PartoMa ulitumia kijitabu cha mfukoni na semina fupi zinazorudiwarudiwa, watoto waliozaliwa wafu wakashuka kutoka 59 mpaka 39 kwa kila vizazi 1000.

Kwa hivo ninachowambia wakunga wa vituo ni kuwa somo lifanyike kwa simu, kipande kimoja kwa wiki, ila wiki hiyo hiyo wakati wa kukabidhiana zamu asubuhi mdoli uwe juu ya meza, mmoja aminye mwengine atizame saa, dakika kumi basi. Nesi mkuu asiangalie nani kaleta cheti, aangalie kifua kimepanda au hakijapanda. Mana vyeti tunajua, majibu ya mtihani yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hata kozi haijafunguliwa, na mimi sishangai, ukimdai mtu karatasi atakuletea karatasi.

Kuna mradi mmoja, siutaji, ulituletea kozi ya Kiingereza kigumu, video nzitonzito zisizopakulika, bando la wiki linaisha somo la pili, na kila mfano una monita na blenda ya oksijeni, ile mashine ya kuchanganya oksijeni na hewa. Sisi kituoni mtungi wa oksijeni wenyewe tunaugombania. Wakaja kuuliza mbona watu hawamalizi.

Kabla hujajiandikisha popote tizama inapakulika au haipakuliki, na mifano yake ina vifaa ulivyonavyo wewe. Na nyinyi wakuu wa vituo, waifai imo ofisini kwa mhasibu, Alhamdulillahi, sasa paswedi ifike na leba.