Jenerali aliyepigana kwa ratiba

Ukitaja kamanda wa makombora, wengi humfikiria mzee mwenye nishani aliyekaa karibu na kitufe chekundu. Mimi ni mhandisi wa roketi, na nikiulizwa ni ofisa gani aliyeijenga kazi hiyo Marekani, humtaja Bernard Schriever, mtu wa vikao na ratiba.

Alizaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka 1910, akahamia Marekani akiwa mtoto na kukulia Texas. Alikuwa rubani wa jeshi, akapigana Pasifiki katika Vita vya Pili vya Dunia. Ila kilichomfaa zaidi baadaye ni uhandisi aliousomea Stanford.

Mwaka 1954 alikabidhiwa mradi wa Atlas, kombora la kuvuka mabara, ofisi ikiwa kwenye majengo ya shule ya zamani huko Inglewood, California. Kwa kawaida unasanifu, unajaribu, ndipo unajenga kiwanda na kufundisha askari. Yeye aliyafanya yote kwa mpigo, na pembeni akaendesha makombora mengine mawili, Titan na Thor. Ni njia ghali, na kosa dogo husambaa kote. Ndiyo maana kila mwezi aliitisha kikao kilichoitwa Jumamosi Nyeusi, ambapo wakuu wa miradi walimwaga matatizo yao mezani. Kwa maoni yangu, kikao hicho kilikuwa na thamani kuliko injini yoyote.

Matatizo yalikuwepo kweli. Aprili 1957 Thor moja iliruka vizuri kutoka kituo cha Cape Canaveral, Florida, lakini ofisa wa usalama akailipua angani. Nyaya za mtambo wake zilikuwa zimeungwa kinyume, hivyo aliona kombora linarudi nchi kavu, kumbe linaelekea baharini.

Februari mwaka huohuo Schriever alihutubia San Diego kuhusu umuhimu wa anga za juu. Wakubwa wake wakamwagiza asilitaje tena jambo hilo hotubani. Oktoba, Wasovieti wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza.

Atlas ndiyo iliyompeleka mwanaanga John Glenn kuizunguka dunia mwaka 1962, na Thor ikazaa ukoo wa roketi za Delta. Kijeshi, lakini, Atlas ilikuwa mzigo: ilijazwa oksijeni ya kimiminika kabla ya kurushwa, na hilo lilichukua muda. Minuteman, kombora jingine la ofisi yake, lenye fueli yabisi, hukaa shimoni miaka na huruka baada ya dakika moja hivi. Za kwanza ziliwekwa tayari Montana Oktoba 1962, katikati ya mgogoro wa makombora ya Kisovieti huko Kuba. Schriever alistaafu 1966 akiwa na nyota nne; toleo la tatu la Minuteman bado liko kazini.