Majani ya aliamu yakiwa njano mwezi Mei, yaacheni

Kila Mei ikiingia, simu yangu hujaa picha zilezile. Bua la aliamu, ua la bustani la jamii ya vitunguu, limesimama, kichwa hakijafunguka, na chini yake majani yamekauka ncha. Chini ya picha swali: "Kaka, vitunguu vyangu vya maua vinakufa, niweke mbolea gani?" Wiki hii ameuliza mteja ambaye tayari alikuwa ameshayakata majani yote na kumwagilia ndoo kwa ndoo. Sasa naandika jibu hapa, maana nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Haviumwi. Majani ya aliamu kubwa hunyauka ua likiwa linakuja. Ndivyo mmea wenyewe ulivyo.

Angalieni vilikotoka. Aina kubwa za aliamu kama giganteum, cristophii na hollandicum, ambayo ndiyo asili ya ile "Purple Sensation" inayouzwa kila duka la bustani hapa Uingereza, ni mimea ya Iran na nchi jirani hadi Asia ya Kati, sehemu za milima na nyanda kavu. Kule kuna baridi kali, theluji inayeyuka, udongo unapata unyevu kwa muda mfupi, halafu jua linakausha kila kitu. Kwa hiyo majani huwahi. Hapa kwetu huchungulia hata Februari, hutengeneza chakula mbiombio, hukishusha chini, kisha hufa. Ua hubaki juu peke yake kumalizia kazi ya mbegu.

Anayebisha achimbue tunguu moja, yaani kitunguu cha mmea kilicho udongoni, mwishoni mwa Mei. Lile alilolipanda Oktoba hatalikuta. Atakuta maganda yake tu, makavu, yamelegea, yanachanika vidoleni. Ndani ya maganda hayo, ubavuni mwa bua, kuna tunguu jipya, jeupe, lenye unyevu, halijapata hata ganda la kahawia. Wakati mwingine yapo mawili. Hilo ndilo la mwakani, na shibe yake inatoka kwenye majani hayohayo unayoyaona yanakuharibia bustani. Ukiyakata yakiwa bado na ukijani, tunguu linadumaa, na mwakani unapata majani bila ua, kisha lawama zinamwendea muuzaji. Kuyafunga fundo au kuyasuka ni madhara yaleyale, maana umeyanyima mwanga.

Maji nayo. Tunguu likishamaliza kujijenga linataka udongo mkavu wenye joto. Ukilimwagilia na kulipa mbolea ya naitrojeni mwezi Juni unalialika kuoza. Kama lazima ulishe, lisha majani yanapochipua, kwa mbolea yenye potasiamu nyingi.

Najua kinachowadanganya ni picha. Bustani ya Barnsley House kule Gloucestershire, aliyoitengeneza Rosemary Verey, ina njia maarufu ambapo aliamu za zambarau zimesimama chini ya maua ya njano ya miti ya laburnamu. Watu wamepiga picha mahali pale miaka na miaka, na hakuna anayeinama kupiga picha majani ya aliamu. Mtunza bustani mzoefu huyaficha: hupanda mbele yake jeraniamu za kudumu, nepeta au alkemila, ambazo hufumuka wakati uleule majani ya aliamu yanapolala. Hiyo ndiyo dawa, na haiuzwi kwenye chupa. Asiyetaka hata hilo anunue "Globemaster", ambayo majani yake hukaa kijani zaidi wakati wa ua, ila bei yake iko juu.

Ugonjwa upo, lakini una sura yake. Majani yakiwa njano tangu Machi, mmea umedumaa, na ukiuvuta kidogo unang'oka wote, angalia kitako cha tunguu. Ukiona ukungu mweupe wenye vitone vyeusi vidogo, huo ni uozo mweupe, na udongo ule usiupande tena jamii ya vitunguu kwa miaka mingi. Vidoti vya rangi ya chungwa ni kutu. Ncha kukauka mwezi Mei si lolote kati ya hayo.

Kupanda ni rahisi: Septemba hadi Novemba, penye jua, kina mara tatu au nne ya unene wa tunguu, basi. Ushauri wa kumwaga kokoto ndani ya shimo siuamini sana. Kwenye udongo wa mfinyanzi shimo hilo hukusanya maji ya pande zote. Afadhali ulegeze kitalu kizima au uinue tuta. Na vitabu hupita haraka jambo hili: hata ukifanya yote sawasawa, kwenye udongo mzito giganteum hupungua mwaka hadi mwaka. Mimi huwaambia wateja waziwazi watenge fedha za kuongeza nyingine. "Purple Sensation" hujizalia kwa mbegu, lakini watoto huchukua miaka kuchanua na mara nyingi rangi yao imepauka.

Kwa ndugu wa Dar na Mombasa mnaoniomba niwaletee: msitume hela. Tunguu hili lisipopata miezi ya baridi halitoi ua la maana. Huko mnalo ua la skadoksasi, linaota lenyewe porini Tanzania na Kenya na kutoa bunda zima la duara, jekundu, mvua zikianza. Lipeni kivuli kidogo, na msimu wa kiangazi msilimwagilie.

Majani ya aliamu yatakuwa tayari kuondolewa siku yatakapotoka kwa kuvutwa kwa vidole viwili. Yakikataa, rudi wiki ijayo.