"Fundi, niwekee busta tu"

Mimi ni fundi wa antena za televisheni. Wiki iliyopita niliitwa nyumba tatu hapa Mtwara mjini: Chuno, Magomeni na Likombe. Kote nilipokewa kwa sentensi ileile: "Fundi, picha inaganda, niwekee busta tu." Hata ngazi sijaishusha kwenye bajaji, mgonjwa keshajiandikia dawa na bei ameshaulizia dukani. Katika nyumba hizo tatu hakuna iliyohitaji busta mpya. Mbili zilikuwa nayo tayari, na kwenye mojawapo busta ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe.

Basi tuanze na hiyo busta, maana ndiyo inayonimaliza.

Busta ni kifaa cha kukuza mawimbi ya antena. Haizai mawimbi. Inakuza ilichopewa, na kelele iliyomo inakuzwa pamoja nacho, kisha busta yenyewe inaongeza kelele yake kidogo juu. Mpe kipaza sauti mtu mwenye kwikwi, mtaa mzima utasikia kwikwi. Kama antena imetazama kilima, au waya umejaa maji, hakuna busta dukani itakayokusaidia, hata ile yenye maandishi ya dhahabu kwenye boksi.

Enzi za analojia ugonjwa tuliuona ukija: leo chenga kidogo, kesho chenga nyingi, keshokutwa unamtambua mtangazaji kwa sauti tu. Dijitali haina chenga. Mawimbi yanapungua, picha inabaki safi. Yanapungua tena, bado safi. Halafu ghafla inaganda, vipande vya mraba vinatapakaa, giza. Ndiyo maana watu wananiambia, "Sebuleni iko vizuri kabisa, tatizo ni chumbani." Sebuleni nako kuko ukingoni, ni vile hakujadondoka bado.

Ukitaka kujua hali halisi, fungua menyu ya king'amuzi utazame mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Karibu kila mteja anautolea macho wa nguvu. Tazama wa ubora! Yule mama wa Magomeni alikuwa na nguvu 98 na ubora sifuri, na bado alishikilia kwamba mawimbi hayamtoshi. Yalikuwa yamemzidi. King'amuzi kikipewa mawimbi makali kupita kiasi ni kama kimelewa, hakisomi chochote. Niliing'oa busta nikaunga waya moja kwa moja; nguvu ikashuka hadi 70, ubora ukapanda juu ya 80. Mama akaniangalia kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Na kuna jingine: masafa ya juu yaliyokuwa ya televisheni zamani sasa yanatumika kwa simu za 4G, lakini busta nyingi za bei poa bado zinakuza hadi 862 MHz. Ukikaa jirani na mnara wa simu, busta ya namna hiyo inakikusanyia king'amuzi chako mawimbi ya simu, nayo hayana picha ndani yake.

Sasa busta ina kazi gani? Kazi yake ni kulipa hasara ya waya mrefu na ya mgawo. Watu hawaamini, lakini kugawa ni kugawa. Splita ni kile kidude cha kugawa waya mmoja wa antena kwenda vyumba kadhaa. Ya njia mbili inampa kila mmoja nusu, na yenyewe inajikatia ushuru kidogo, kwa hiyo kila chumba kinapoteza kama desibeli 4 (desibeli ndiyo kipimo chetu cha kupanda na kushuka kwa mawimbi). Ya njia nne inampa kila mmoja robo, hasara kama desibeli 7 au 8. Ongeza waya: mita 30 za RG6 iliyo nzuri, yaani waya wa kawaida wa antena, zinakula desibeli 5 au 6 hivi kwenye masafa ya televisheni, na ule waya mwembamba laini wa bei ya kutupa unakula zaidi. Nyumba ya vyumba vinne yenye korido ndefu inaweza kuihitaji busta kwa haki kabisa. Ila mahali pake ni juu kwenye mlingoti, karibu na antena, mawimbi yakiwa bado mabichi. Ukiiweka nyuma ya televisheni, hasara imeshatokea, unakuza mabaki.

Nyumba ya Likombe ilikuwa hivyohivyo ilivyotakiwa: vyumba vinne, busta juu ya mlingoti, kazi safi ya fundi aliyenitangulia. Vyumba vyote vilizima usiku mmoja, na baba mwenye nyumba akataka busta ya pili. Nikamuuliza, "Mzee, adapta ya busta iko wapi?" Hakujua kama ipo. Busta ya juu inapelekewa umeme kwa waya uleule unaoshusha mawimbi, kutoka kwenye adapta iliyochomekwa ndani ya nyumba. Tukaikuta kwenye chumba cha kijana, imechomolewa, soketi inachaji simu. Busta isiyo na umeme inayaziba mawimbi, haiyapitishi. Tangu hapo naandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila adapta: USICHOMOE. Na kama splita iko kati ya adapta na busta, chagua splita inayopitisha umeme kwenye tundu la upande wa adapta, au hamishia adapta kati ya busta na splita.

Chuno ndiko hasa nilikochoka. Hakukuwa na splita kabisa. Mtu alikuwa amemenya waya katikati, akasokota nyaya tatu pamoja kama za balbu, akafunga tepu nyeusi. Waya wa antena si waya wa umeme. Umetengenezwa uwe na ukinzani uleule kwa mawimbi, omu 75, kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale unapouvunja kwa kusokota, sehemu ya mawimbi inarudi ilikotoka na kugongana na yanayokuja. Nilipoifungua ile tepu, shaba ilikuwa ya kijani. Sisi tunakaa na bahari. Hewa ya chumvi inaingia hata pale ambapo maji hayafiki. Nilikata sentimita 40 za waya uliooza, nikafunga splita ya njia tatu na plagi za kuzungusha, kila kiungo cha nje nikakipaka grisi na kukivisha mpira. Busta hapana. Vyumba vitatu vinaona.

Ushauri wangu ambao wateja wanauchoka: kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kitanzi kuelekea chini. Maji yatadondokea pale, hayatausindikiza waya hadi kwenye king'amuzi. Haugharimu hata shilingi.

Hapo ndipo linapokuja lile la "mvua ikinyesha mawimbi yanakatika". Kwa dishi dogo ni kweli, masafa yake ni ya juu sana, zaidi ya 10 GHz, na mvua kubwa inayanywa. Kwa antena ya kawaida mvua haina ubavu huo. Antena yako ikizima kila mvua, maji yako ndani ya waya, au kuna mwembe au mkorosho umesimama mbele ya antena na majani yake yameloa. Mti haukuwepo ulipofunga? Miaka sita imepita, umekua.

"Nataka antena ya dijitali." Haipo. Analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata, lakini vile vijiti vya alumini havikupata habari hizo. Antena inajali masafa tu. Ile ya babu yako ya UHF, yaani ya masafa yaleyale yanayotumiwa na televisheni, kama haijaliwa na kutu, inafaa. Kilichobadilika ni king'amuzi.

Mfuniko wa sufuria juu ya antena: rudisha jikoni.

Kuhusu urefu, si kila mita inakufaa. Kinachotakiwa ni antena kuonana na mnara. Mikindani, hapa jirani, imekaa chini, vilima vimeizunguka. Huko kusogeza antena hatua tano pembeni kunaweza kushinda kuongeza bomba zima. Mlingoti mrefu bila nyaya za kuushikilia unayumba, na antena inayoyumba inapoteza shabaha. Kilipotangazwa kimbunga Kenneth mwaka 2019 watu walinipigia simu niwashushie milingoti ambayo mimi mwenyewe niliwakataza.

Halafu hili: "King'amuzi kimoja, televisheni tatu, kila mtu na chaneli yake." Hapana. King'amuzi kinafungua chaneli moja kwa wakati mmoja. Ukivuta waya kutoka kwenye king'amuzi cha sebuleni kwenda vyumbani, vyumba vyote vitatazama anachotazama mwenye rimoti, na kipindi cha mpira ndipo ndoa zinapotikisika. Kinachogawanywa ni mawimbi ya antena, kabla hayajafika kwenye king'amuzi. Kila televisheni iwe na king'amuzi chake, au iwe na kipokezi cha T2 (mfumo wa dijitali wa antena) ndani yake kwa chaneli zisizofungwa.

Na usijaribu kugawa dishi kwa splita hiyohiyo. King'amuzi cha dishi kinaamrisha kichwa cha dishi, kile kidude kilicho mbele ya sahani, kwa umeme, volti 13 kwa upande mmoja wa chaneli na 18 kwa mwingine. Viwili vikiamrisha kichwa kimoja kwa pamoja, kimoja kitakosa chaneli zake. Nunua kichwa chenye matundu mawili, uvute waya wa pili. Ndiyo, waya mzima, kutoka juu ya paa. Najua ni gharama.

Mlingoti wa chuma nao ufungwe waya wa eathi hadi chini ardhini, na kabla radi hazijaanza, chomoa waya wa antena pia. Kuchomoa plagi ya umeme pekee na kuuacha wa antena ni kufunga mlango wa mbele huku wa uani uko wazi.