Je, wajua? Zamani mchongaji hakupata dhahabu bila kupitia fedha

Ukiona medali ya fedha kifuani mwa mwanariadha, unajua papo hapo kuna mwenzake aliyemshinda. Kwa wanafunzi wa uchongaji wa Denmark katika karne ya 18, mambo hayakuwa hivyo. Medali ya fedha ilikuwa kama kufaulu kuingia darasa la juu, na asiyeipata hakuruhusiwa hata kushindania dhahabu.

Tumtazame Bertel Thorvaldsen, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1770. Baba yake, mhamiaji kutoka Iceland, alichonga sanamu za mbao za kupamba omo za merikebu, kazi ambayo haikumtoa kwenye umaskini. Mwaka 1781, kabla hajatimiza miaka 11, mtoto huyo alipokewa bure katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme, kilichokuwa ndani ya kasri la Charlottenborg. Ngazi ya pale ilijulikana: fedha ndogo, fedha kubwa, dhahabu ndogo, dhahabu kubwa.

Kwa nini fedha kwanza? Kwa sababu ilipima jicho na mkono. Mwanafunzi aliwekewa mtu hai mbele yake, akatakiwa kuuonyesha mwili ule sawasawa: bega lilivyobeba uzito, goti lilivyokunjwa. Dhahabu ilidai zaidi. Walimu walitaja kisa, mara nyingi cha Biblia, na mshindani akafungiwa chumbani atunge mchoro wake mwenyewe. Nao walikuwa na haki, maana asiyejua mguu unavyosimama atamchongaje mtume Petro akimponya kiwete?

Thorvaldsen alipata fedha ndogo mwaka 1787. Wakati huo alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, na kwa kuwa kusoma kulimpiga chenga, alikalishwa mkiani. Inasimuliwa kwamba kasisi, baada ya kusikia jina hilo limeshinda chuoni, alimuuliza kama mshindi ni kaka yake. Kijana akajibu kuwa ni yeye. Kuanzia hapo akahamishiwa mbele, na kasisi akawa anamwita “Monsieur Thorvaldsen”, yaani “Bwana Thorvaldsen” kwa Kifaransa. Kijipande cha fedha kilikuwa kimemfanyia kazi ambayo miaka ya darasani haikuiweza.

Fedha kubwa ilifuata mwaka 1789, kwa sanamu ya Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi, akipumzika, iliyochomoza kutoka kwenye bamba. Dhahabu ndogo akaitwaa 1791, ingawa yasemekana siku ya mtihani hofu ilimshika akatoroka kwa ngazi ya nyuma, na ni profesa mmoja aliyekutana naye humo aliyemrudisha. Dhahabu kubwa ilikuja 1793, kwa kisa hichohicho cha Petro na kiwete.

Ushindi huo wa mwisho ndio uliofungua mlango wa posho ya kifalme ya miaka mitatu kwenda kusoma nje. Alifika Roma tarehe 8 Machi 1797. Mwaka 1803, pesa zikiwa zimekauka na mizigo ya kurudi kwao ikifungwa, tajiri Mwingereza Thomas Hope aliiona sanamu yake ya Jason, shujaa wa hadithi za Wagiriki, akaagiza ya marumaru. Hope aliisubiri miaka 25. Na Thorvaldsen, ukiacha ziara moja tu nyumbani, hakurudi kuishi Copenhagen hadi mwaka 1838.